He, she au it? Kuchagua kiwakilishi cha Kiingereza kwa aliyelelewa na "yeye"

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Makunduchi, alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Wiki yake ya kwanza, usiku, ikaja simu kutoka chumbani: mgeni anatapika tangu magharibi, anahitaji daktari. Kijana akampigia daktari, na kwa kuwa daktari mwenyewe hakuwa Mswahili, akamweleza kwa Kiingereza: "He is very weak, he cannot stand." Daktari alipofika alikuta watu wawili chumbani, mume na mke. Akamwendea mume moja kwa moja, akamshika mkono kumpima mapigo ya moyo. Mume akamwelekeza kitandani. Aliyekuwa hoi ni mke.

Zilipotea dakika chache tu na mgonjwa alipona, lakini yule kijana alikuja darasani siku yake ya mapumziko na swali ambalo nimeulizwa kwa namna nyingi: "Mwalimu, mbona nalijua? Najua 'she' ni mwanamke. Sasa kwa nini mdomo unatoa 'he'?"

Mdomo unatoa "he" kwa sababu moyo umeshasema "yeye", na "yeye" yetu haina mume wala mke. Vitabu vya skuli vinakupa jedwali: I, you, he, she, it, we, they. Unalikariri, unajaza nafasi zilizoachwa wazi, unapata alama zako. Siku ya kazi jedwali halikusaidii, kwa sababu halikwambii Kiswahili chako kinakuvuta upande gani. Kwa hiyo hapa nitaziweka lugha mbili ubavu kwa ubavu pale tu zinapoachana njia, na kila pahali nitasema miye ningechagua lipi, iwe mtihanini, kazini au katika mazungumzo ya kawaida.

Yake yetu moja, yao tatu

Naanza na kumiliki, maana hapo ndipo ninapokuta makosa mengi kuliko pengine popote. Tazama safu hizi mbili:

Asha na mume wake: Asha and her husband
Juma na mke wake: Juma and his wife
Asha na watoto wake wa kiume: Asha and her sons
Juma na dada yake: Juma and his sister
Jahazi na tanga lake: the dhow and its sail
Mkarafuu na matawi yake: the clove tree and its branches

Upande wa Kiswahili, kinachobadilika ni herufi za mwanzo: wake, lake, yake, chake, zake. Na kinachozibadilisha ni kile kinachomilikiwa. Tanga ni "lake", matawi ni "yake", kitabu ni "chake". Mwenyewe awe Asha, Juma au mti, Kiswahili hakiulizi. Upande wa Kiingereza ni kinyume chake. Kinachomilikiwa hakihesabiwi kabisa. Mmoja au kumi, mume au mke, neno halibadiliki. Kiingereza hugeuka nyuma kumtazama mwenye mali: ni mwanamke, ni mwanamume, au si mtu?

Sasa fikiria mwanafunzi anayeandika "Asha and his husband". Mwalimu mwenye haraka atampiga msitari mwekundu na kuandika "careless". Uzembe haupo hapo. Neno "husband" liko jirani, ni la kiume, na mwanafunzi amefanya alichofanya tangu azaliwe: amekipatanisha kimilikishi na kile kinachomilikiwa. Ni sarufi ya Kiswahili, nzima na safi, inayofanya kazi katika nyumba isiyo yake. Ukilielewa hilo huoni haya tena, na kosa unajua linatokea wapi.

Wala hatuko peke yetu. Kitaliano nacho hupatanisha na kinachomilikiwa: "suo marito" ni mume wake, "sua moglie" ni mke wake, na hujui mwenyewe ni nani mpaka uelezwe. Ndiyo maana anayefanya kazi Kiwengwa, kwenye wageni wengi wa Kitaliano, atasikia mgeni naye akisema "his" pale panapotaka "her". Usimuigize mgeni kwa kuwa ni Mzungu. Kiingereza ni lugha ya kujifunza kwake kama ilivyo kwako.

Ninachowafundisha wanafunzi ni kuweka kidole. Kabla ya kuandika "his", "her" au "its", weka kidole juu ya jina la mwenye kitu. Kidole kiko juu ya Asha? "Her", hata kama linalofuata ni mume, baba au kanzu ya babu. Kidole kiko juu ya jahazi? "Its". Mwanzoni ni kazi ya mkono kwelikweli, kwenye daftari. Baada ya mwezi hivi jicho linafanya peke yake.

Bado hatujamaliza na "yake", kwa sababu sisi neno hilohilo tunalitumia pahali pawili. "Kitabu chake" na "kitabu hiki ni chake." Kiingereza hutaka maneno mawili: "her book", lakini "this book is hers". "My book", lakini "it is mine". "Our room", lakini "the room is ours". Kanuni ni nyepesi: jina la kitu likifuata, tumia neno fupi; sentensi ikimalizika bila jina, tumia lile lisimamalo peke yake. "His" pekee ndiyo inayofanya kazi zote mbili bila kubadilika, na "her" nayo ina kazi mbili za aina nyingine: "I saw her" ni nilimwona, "I saw her brother" ni nilimwona kaka yake.

Kaja

Huku kwetu Unguja na Pemba tunasema "kaja", na neno hilo la herufi nne lina kila kitu: mtu ni mmoja, siye mimi wala wewe, na keshafika. Mama kaja, baba kaja, daktari kaja, paka kaja. Kiingereza hakiwezi kutoa neno kama hilo. Lazima kikate: "She has come", "He has come", "It has come". Kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo, Mwingereza keshaamua jambo ambalo Mswahili hakuhitaji kuliamua.

Kuchagua baina ya "he" na "she" basi si suala la kujua. Kila mwanafunzi wa darasa la tano anajua. Ni suala la wepesi, na wepesi hauji kwa kukariri. Darasani kwangu kila mmoja hutoa simu, akafungua picha ya watu wa nyumbani kwao, akazungumza kwa dakika mbili kwa Kiingereza huku jirani yake akinyoosha mkono kila anaposikia kosa. Nawaambia waanze na wanawake, mama, bibi, shangazi, kwa sababu ulimi wa wengi wao huangukia "he". Picha inasaidia kuliko orodha ya maneno: unayemsema unamwona, na "she" inashikamana na sura yake.

Kuna adabu hapa isiyomo kwenye jedwali. Sisi heshima tunaibeba kwenye jina: Bi fulani, Maalim fulani, Shehe, Mzee. "He" na "she" hazibebi heshima yoyote, na wala hazina dharau, ila pahali pamoja: mtu akiwa amesimama pale pale. Ukimgeukia mwenzako mbele ya mgeni wa kike na kusema "She wants water", mgeni atahisi umemsema kama hayupo. Hapo usichague "she". Sema "This lady would like some water", au taja jina lake pamoja na Mrs. au Ms. Mkiwa mmeondoka naye hayupo, "she" haina tatizo.

Wanafunzi wanaotoka chuoni, waliosoma tafsiri za Kiingereza za Qur'ani, huniuliza pia kuhusu Mwenyezi Mungu. Kiswahili kina "Yeye" na mambo yamekwisha, hakuna lililoulizwa. Kiingereza kinalazimika kuchagua, na desturi yake ni "He" kwa herufi kubwa hata katikati ya sentensi. Herufi kubwa ni ya utukufu. Na pale wanapokuta "We", huo ni wingi wa utukufu, kama ulivyo katika Kiarabu chenyewe.

It: ukuta unasimama pengine

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, na waongoza watalii wangu pia, kwa sababu kazi yao nzima imo humu.

Kila lugha ina ukuta wake. Kiswahili kimejenga ukuta baina ya watu na wanyama upande mmoja, na vingine vyote, mimea ikiwemo, upande wa pili. Mtu anakula, kobe anakula, samaki anakula. Wote wako ndani ya "a-" na "wa-", wote tunaweza kuwaita "yeye". Nje ya ukuta kuna jahazi, mkarafuu na kiti. Kiingereza kimejenga ukuta wake karibu zaidi: ndani wako watu, nje viko vingine vyote, wanyama wakiwemo. Kobe, kisarufi, kakaa upande mmoja na kiti. Ni "it".

Lakini ukuta wa Kiingereza una mlango. Nenda Changuu ukawatazame wale kobe wakubwa, wa kizazi kilicholetwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 kikiwa zawadi. Mgeni anainama, anamkuna kobe shingo, kobe anainyoosha. Mgeni anasema "Oh, he likes it!" Hajui kama ni dume. Kasema "he" kwa sababu kobe ameshakuwa mwenzake. Mwongozaji akimjibu "Yes, it likes it", hajakosea sarufi, ila kaurudisha mlango ukajifunga.

Kwa hiyo chaguo langu ni hili. Kwenye bango la maelezo, kwenye mtihani wa baiolojia, kwenye taarifa: "it". Kwenye mdomo wa mwongozaji aliye mbele ya mnyama mmoja anayeonekana: "he" au "she", na ukijua jinsia yake, itumie. Jozani mara nyingi utamkuta kima punju na mtoto kamng'ang'ania tumboni. Hapo "she is carrying her baby" ndiyo Kiingereza kizuri, na "it is carrying its baby" inasikika kama ripoti. Lililo baya kuliko yote ni kuchanganya: "She is eating leaves because it cannot digest sweet fruit." Ukishafungua mlango, uache wazi mpaka umalize habari ya mnyama huyo.

Vyombo navyo vina kisa chao. Mabaharia wa Kiingereza kwa karne nyingi wameiita meli "she", na utasikia bado. Gazeti la habari za meli la London, Lloyd's List, lililoanzishwa mwaka 1734, liliacha "she" mwaka 2002 likachagua "it". Jeshi la majini la Uingereza halikufuata. Wewe unayeandikia mtihani au tangazo la boti, andika "it". Unayezungumza na nahodha mzee wa Kiingereza, msikilize yeye anatumia lipi.

Na watoto wachanga? Mwanafunzi wangu wa kike aliwahi kuudhika kwa niaba ya dada yake. Mgeni alimwona dada yake na mtoto mchanga mgongoni akauliza, "Is it a boy or a girl?" "Mwalimu, kamwita mtoto kitu!" Hakumwita kitu. Jinsia haijajulikana, na "it" ndiyo neno la kushikia nafasi mpaka ijulikane. Ukishajibu "a girl", mgeni hatasema tena "it". Atasema "she is beautiful". Ni kama pale mtu anapobisha hodi. Sisi tunauliza "Nani?" na aliye nje anajibu "Miye." Kiingereza: "Who is it?" "It's me." Kwenye simu pia: "It's my mother. She is calling from Wete." Mara ya kwanza, kutambulisha, ni "it", kuanzia sentensi ya pili, mama ni "she". Ukisema "It is calling from Wete" hapo ndipo utakapokuwa umemkosea mama.

Wapo walimu wa zamani waliofundisha "It is I". Katika maandishi ya kale utaikuta. Mlangoni sema "It's me". Ukisema jingine utaonekana unasoma kitabu.

Kisha kuna "it" isiyoelekeza kwa mtu wala kitu. Mvua inanyesha: "It is raining." Kuna joto leo: "It is hot today." Saa ngapi? "What time is it?" Sentensi ya Kiingereza haikubali kukosa kiima hata pale ambapo hakuna mtenda, kwa hiyo "it" huingizwa kushika kiti. Sisi hatuna haja hiyo, na ndiyo maana wengi huandika "Is raining". Weka "it", hata usipoiona inafanya nini.

I au me

"Mimi" haibadiliki. Mimi nimempiga, kanipiga mimi, kati yako na mimi. Kiingereza hubadilisha: mtenda ni "I, he, she, we, they", mtendwa ni "me, him, her, us, them". Zamani sana Kiingereza kilikuwa na miisho ya aina hiyo kwenye majina yote. Ikapukutika, na viwakilishi vikabaki kama magofu yanayoonyesha nyumba ilikuwaje. Unachojifunza ni mabaki, na mabaki hayafuati mantiki yako; yakubali yalivyo.

Mtu akiwa peke yake hakuna anayekosea. Hutasikia "Me went to Chake" (mji wa Chake Chake, Pemba). Tatizo linaanza wanapokuwa wawili, kwa sababu Kiswahili kinasema "mimi na rafiki yangu" mwanzo wa sentensi na mwisho wake. Basi mwondoe rafiki uone kinachobaki. "My friend and ___ went to Chake": bila rafiki ni "I went", kwa hiyo "My friend and I". "They invited my friend and ___": bila rafiki ni "invited me", kwa hiyo "my friend and me". Na tazama kuwa Kiingereza cha adabu humtanguliza mwenzio, wewe ukawa wa mwisho.

Wapo waliosahihishwa "me" mara nyingi mpaka wakaiogopa, sasa wanasema "between you and I". Baada ya kihusishi ni "me" siku zote: between you and me, for Asha and me. Wengine wanakimbilia "myself": "Please call the manager or myself." Andika "me". "Myself" ni ya kujifanyia mwenyewe, kama "-ji-" yetu: nimejikata, "I cut myself". Na hapo mshukuru Kiswahili, kwani "walijiona" na "walionana" tayari zinakufundisha tofauti ya "they saw themselves" na "they saw each other".

Mgeni asiyejulikana: he, he or she, au they

Andika tangazo hili kwa Kiswahili: Mgeni akipoteza ufunguo wake, afike mapokezi. Halina shida yoyote. Sasa liandike kwa Kiingereza:

If a guest loses his key, he should come to reception.
If a guest loses his or her key, he or she should come to reception.
If a guest loses their key, they should come to reception.

La kwanza ndilo la vitabu vya zamani. Bunge la Uingereza lilifika hadi kutunga sheria, mwaka 1850, kwamba katika sheria zake neno la kiume limchukue na mwanamke. Leo linasomeka kama tangazo la wanaume. La pili ni sahihi, ila jaribu kulirudia mara tatu katika ukurasa mmoja uone linavyochosha. La tatu wengi wamefundishwa kuwa ni kosa, maana "they" ni wingi. Lakini "they" ya mtu mmoja imo kwenye maandishi ya Kiingereza tangu miaka ya 1370 hivi, si uzushi wa juzi. Na mwaka 2019 kamusi ya Marekani, Merriam-Webster, iliitangaza "they" kuwa neno lake la mwaka.

Chaguo langu: kazini na katika mazungumzo, "they", bila wasiwasi. Kitenzi kinabaki cha wingi, "they are", hata kama mtu ni mmoja. Mtihanini, ambako humjui msahihishaji ni wa kizazi gani, kwepa kwa kuandika wingi: "Guests who lose their keys should come to reception." Hakuna atakayekukata alama. Na ukipata mgeni anayekuambia mwenyewe kwamba huitwa "they", wapo wanaochagua hivyo, mwite alivyojitambulisha, kama unavyoliandika jina lake alivyolitaja.

Jambo moja kuhusu "they" hunistaajabisha kila ninapolikumbuka. Haikuwa neno la Waingereza. Lililetwa na watu wa kaskazini mwa Ulaya waliokuja kwa majahazi yao wakakaa Uingereza, na "them" na "their" pamoja nalo. Kiswahili kimeazima hata hesabu, sita, saba na tisa ni za Kiarabu, na meza tumeichukua kwa Wareno. Lakini mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao: hakuna hata kimoja tulichoazima.

Its au it's

Fupi. "It's" ni "it is" au "it has" iliyokatwa, na ritifaa, ile alama ya ('), inaonyesha palipokatwa. Ifungue: ukisoma "it is" na sentensi ikasimama, weka ritifaa. "The dhow lost it is sail" haisimami, kwa hiyo "its sail". Kama unaona inakuchanganya, hata wenyewe iliwachanganya. Katika karne ya 17 na ya 18 wengi wao waliandika "it's" kwa kumiliki. Siku hizi msahihishaji hakusamehi.

Who, whom, which

"Ambaye" na "-ye-" hazitofautishi mtenda na mtendwa, na Kiingereza cha leo nacho kinaelekea huko. Sema "who" kila pahali unapozungumza na hutakosea sana. "Whom" iweke baada ya kihusishi, "the guest to whom I spoke", na katika ile barua ya maombi ya kazi inayoanza "To whom it may concern". Watu ni "who", vitu ni "which" au "that".

Kosa kubwa zaidi la sentensi hizi liko kwingine, na ni letu hasa. Sisi tunasema "kitabu nilichokinunua Darajani". Ndani ya kitenzi hicho kitabu kimetajwa mara mbili: "-cho-" na "-ki-". Mwanafunzi hodari, asiyetaka kuacha kitu, hufasiri vyote: "the book which I bought it at Darajani". Kiingereza kinakubali kimoja tu. "Which" imeshabeba kitabu, "it" hana mzigo, mwondoe: "the book which I bought at Darajani". Ni vivyo hivyo mwanzo wa sentensi. "Baba yangu anavua" ina baba na ina "a-", kwa hiyo inatoka "My father he fishes". Toa "he". Ukimaliza kuandika insha, ipitie mara moja kwa kazi hiyo tu, kuwasaka "he" na "it" waliokaa bila mzigo. Utashangaa ni wangapi.

You

Hapa Kiingereza ndicho maskini. Zamani kilikuwa na "thou" ya mtu mmoja na "you" ya wengi. Ya kwanza ikafa katika mazungumzo ya kawaida, ikabaki "you" peke yake kwa wewe na nyinyi. Meza ya watu watano ukiuliza "Are you ready?" hawajui umemuuliza nani. Ongeza neno: "Are you all ready?" au "both of you" wakiwa wawili. Adabu nayo usiitafute ndani ya "you", haimo. Itafute kwenye "would" na "could", na kwenye "sir" na "madam".

Kijana wa Makunduchi bado yupo mapokezi. Pembeni ya simu kabandika kikaratasi chenye maneno matatu ya mkono wake: Nani? Mume? Mke? Hukitazama kwanza, ndipo anapomwinulia daktari simu.